Kona ya Mkalimani

Nyumba yetu ilipiga kura kuhusu TV, na waliopiga kura ni wale wanaosikia. Nasema hivyo mapema ili nisije nikaambiwa baadaye kwamba nilificha hasira yangu. Sikuificha. Iko hapa, na anayetaka kuketi nayo aketi.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Aprili. Mume wangu Theuri, ambaye ana duka la vipuri vya pikipiki mjini Nyeri, alirudi nyumbani Ruring'u akasema malipo ya king'amuzi cha dishi yamepanda tena na hatalipa mwezi mwingine. Sikumpinga. Siku hizi kila kitu kinapita kwenye intaneti, na intaneti tulikuwa nayo tayari kwa ajili ya masomo ya Kim, kifungua mimba wetu. Ilibaki tu kuchagua tutatazama kupitia wapi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni huduma ya halali: unaweka programu kwenye TV, unalipa kila mwezi, unapata stesheni za hapa nchini jinsi zilivyo na filamu zenye maandishi chini. Ya pili ni kisanduku cha Wamae. Wamae ana kibanda pale mjini, anauza simu za mitumba na chaja, na mwaka huu ameanza kuuza kidude cheusi unachochomeka nyuma ya TV kikakuletea stesheni za dunia nzima kwa bei isiyofika nusu ya ile nyingine. Anazitoa wapi, hilo analijua yeye na Mungu wake.

Theuri alitaka mpira wa Uingereza. Kim alitaka mpira wa Uingereza na kila kinachofanana nao. Mama mkwe wangu, Cucu Wakiuru, anayeishi nasi, alitaka mahubiri ya Kikuyu asubuhi na mieleka mchana, kwa maana yule mama hucheka mtu akirushwa chini hata meno yakawa nje. Kisanduku cha Wamae kilikuwa na vyote hivyo. Binti yangu Murugi alikuwa palepale sebuleni, kwenye kigoda chake karibu na dirisha, akitazama midomo yetu. Ana miaka kumi na minne na ni kiziwi tangu azaliwe.

Mimi niliuliza swali moja tu. Niliuliza kama mkalimani ataonekana. Mkalimani ni yule mtu anayesimama kwenye kijisanduku pembeni, chini kabisa ya kioo, akieleza habari za saa moja kwa mikono. Katika TV nzima, na kelele zake zote, yule ndiye peke yake anayezungumza na mtoto wangu. Theuri akampigia Wamae simu, akaweka sauti nje tusikie wote. Wamae akasema, "Mama, hii iko na kila kitu. Wewe sema unataka nini, iko."

Basi wakanyoosha mikono, watatu kwa mmoja, na jambo likaisha. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Murugi alikuwepo, magoti yake yakigusa meza yetu, na lake halikuwepo vilevile. Wikendi ile Theuri akauza king'amuzi pamoja na dishi lake kwa jirani.

Saa moja jioni mimi huwa jikoni. Kwa wiki tatu nilikuwa nikichungulia sebuleni nikiwa na mwiko mkononi, namwona Murugi mbele ya TV kati ya baba yake na nyanya yake, macho hayabanduki kwenye kioo. Nilirudi kwa ugali wangu nikifikiri, angalau hilo limekaa sawa.

Mvua ilikuja, na ilikuja vibaya. Jumamosi ya mwisho ya likizo nikaitwa Gakindu, kwa mama yangu, ambaye alikuwa ameteleza kwenye shamba la kahawa akateguka mguu. Shule zilikuwa zifunguliwe Jumatatu. Sanduku la Murugi nilikuwa nimeshalipanga na nauli nikampa mkononi, kwa kuwa njia ya shuleni anaijua. Shule yao ya viziwi iko upande wa juu wa Kangema, anabadilisha gari Othaya na tena Kiriaini, na makondakta wanamfahamu. Simu yake mwenyewe hana. Hutumia yangu, na yangu nilikuwa nimekwenda nayo.

Jumapili jioni nikasikia kwenye redio ya mama kwamba shule zimeahirishwa kwa wiki moja nchi nzima kwa sababu ya maporomoko. Nikampigia Theuri papo hapo, nikamuuliza kama amesikia habari ya shule.

"Nimesikia. Tuko hapa wote kwa TV."

"Basi mwambie Murugi, asiamke mapema bure."

"Nimwambie nini na ameona? Ako hapa mbele yangu, ameangalia news yote mpaka mwisho. Mama Kim, mwenye macho haambiwi tazama."

Nikamwamini, nikalala.

Jumatatu, jua likiwa utosini, au lingekuwa utosini kama kungekuwa na jua, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa mlinzi wa shule. Akasema, kwa upole ulionichoma kuliko tusi, kwamba ana msichana pale kwenye geti, peke yake, na kwamba ndiye aliyemwandikia namba hii kwenye karatasi. Kisha akauliza, "Kwani nyinyi hamkusikia news?"

Nilitoka Gakindu kwa bodaboda, nikapanda gari, nikashuka, nikapanda bodaboda tena. Mbele ya Kiriaini ukingo mzima ulikuwa umeteremka na majani yake ya chai hadi katikati ya barabara. Magari yalikuwa yamesimama pande zote mbili, na watu walivuka kwa miguu kwenye tope, wawili wawili, huku vijana wa pale wakiangalia juu na kupiga kelele kila udongo ulipoanza kusogea. Walipiga kelele na sisi tukakimbia. Nilikuwa nimefika ng'ambo ndipo nikaelewa. Mtoto wangu alikuwa amepita papo hapo asubuhi, sanduku kichwani, na kama walimpigia kelele hakuzisikia.

Nikakaa kwenye jiwe. Mwanamume mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekasirika, akaniacha.

Nilimkuta Murugi getini, chini ya kipaa cha kibanda cha mlinzi, sare imelowa hadi magotini, amekalia sanduku. Hakulia. Aliponiona aliinua mikono akaniuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: kwa nini wengine wote wanajua na mimi sijui?

Tulifika nyumbani jioni. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kwa maneno ya kusema, lakini Cucu ndiye aliyeanza, bila hata kuulizwa. Alisema alimwona Murugi akitoka alfajiri na sare yake na sanduku, na hata akampungia mkono. Nikamuuliza, mama, kama ulimwona na habari ulizisikia, mbona hukumzuia? Akanijibu kwa moyo mweupe kabisa, "Nilidhani hiyo shule yao ni ingine. Nilidhani haifuati zile za watu."

Zile za watu. Huyu ni mwanamke anayempenda mjukuu wake, humwekea maganda matamu ya viazi vya kuchoma, na hayo ndiyo maneno yaliyomtoka. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara kadhaa kwenye mvua ili nisimjibu mama wa watu.

Niliporudi ndani Theuri alikuwa amefika kutoka dukani. Kim alijitetea kwamba alfajiri yeye na baba yake walikuwa bado wamelala. Theuri naye alikuwa na sentensi moja tu, akaishikilia: "Si alikuwa ameketi na sisi? Si alikuwa ameangalia?" Sauti yake haikuwa ya ukali. Alikuwa ameshtuka kweli, na mimi hilo halikunipoza hata kidogo.

Saa moja ikapiga, muziki wa habari ukaanza. Murugi, ambaye hakuusikia huo muziki lakini aliziona picha zake, akanivuta kwa mkono wa sweta akanipeleka mbele ya TV. Akaweka kidole kwenye kioo, chini upande wa kulia.

Mkalimani hakuwepo. Mahali pake palikuwa na tangazo la kamari, la manjano, na mpira uliokuwa ukirukaruka juu ya neno USHINDI. Halikuwa tangazo la stesheni. Lilikuwa limebandikwa juu ya picha na hao wanaomtumia Wamae picha zake za wizi. Halikuondoka. Habari za mafuriko zilipita, habari za bei ya majani chai zikapita, na ule mpira ukaendelea kuruka. Mara moja tu, pembeni mwa ile rangi ya manjano, nikaona kiwiko. Kiwiko cha mtu, kikatokea na kupotea. Nyuma ya tangazo mkalimani alikuwa kazini, anamweleza binti yangu kila kitu, na wao wamemfunika.

Nikamuuliza Murugi tangu lini. Akajibu tangu siku ya kwanza. Alikuwa amemwonyesha kaka yake, akanyoosha kidole na kurusha mikono, naye Kim akacheka akidhani anaiga lile tangazo; baada ya hapo hakumwonyesha mtu tena, hata mimi. Nikamuuliza sasa kwa nini alikaa hapo kila jioni wiki tatu kama haoni kitu. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anakula na wenzake. Mikono yake ikasema: kwa sababu nyote mlikuwa mmekaa.

Niliwatafsiria neno kwa neno. Kim akainamisha kichwa. Cucu akaanza kusali kwa sauti ya chini. Mimi nikaenda nyuma ya TV nikakichomoa kile kidude na waya zake zote, na mahubiri na mieleka na Uingereza yote ikazimika.

Asubuhi nilikuwa kwa Wamae kabla hajamaliza kupanga chaja zake. Nilikiweka kidude juu ya kioo cha meza yake. Akadhani nataka kurudishiwa hela, akaanza kunieleza kwamba mzigo ukishafunguliwa haurudi. Nikamwambia sina haja na hela, nataka anieleze lile tangazo. Hakuona haya hata chembe.

"Hiyo tangazo ndiyo inafanya bei ikuwe chini, mama. Na ni kona tu. Nani huangalia kona?"

"Mtoto wangu," nikamwambia.

Wateja wawili waliokuwa wamesimama hapo wakawa na shughuli ghafla na simu zao. Niliondoka, na sikuhisi nimeshinda lolote, maana Wamae aliuza tu, lakini kura ilipigwa nyumbani kwangu.

Theuri si mtu mbaya. Naandika hivyo kwa shida, lakini ni kweli. Jioni ile alirudi mapema na fundi, wakaweka ile huduma ya halali, ile aliyoikataa, na bei yake hakuitaja. Alinunua na keki. Aliipanga sebule, akakiweka kigoda cha Murugi mbele kabisa, akamhamishia Kim kwenye kochi la nyuma. Habari za saa moja zilipoanza, mkalimani alikuwepo, mwanamke mwenye koti jeusi, mzima kuanzia kichwani hadi kiunoni, mikono yake miwili ikienda mbio. Theuri akatabasamu kama mtu aliyeshusha gunia.

Murugi hakuwa sebuleni. Alikuwa nami jikoni, akimenya viazi, mgongo kwa mlango. Theuri akaja akasimama.

"Mama Kim, mwambie aje aone. Mwambie imetengenezwa. Na umwambie pole."

"Mwambie wewe."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayetaka yaishe. "Aii, wewe ndio unajua hizo vitu za mikono."

Nikaweka kisu chini. Nilimwambia hizo vitu ni lugha ya mtoto wake. Nilimwambia shule hufundisha wazazi bure kila likizo, mwalimu Nkirote huuliza baba yuko wapi, na kila likizo mimi humjibu kwamba baba ana duka. Nilimwambia kuwa alipomwona ameketi mbele ya TV alifurahi kwa sababu kuna mwingine wa kuzungumza naye kwa niaba yake, na TV isipokuwepo nipo mimi. "Miaka kumi na minne," nikamwambia, "mkalimani wa bei rahisi katika nyumba hii ni mimi. Leo sitafsiri."

Nilidhani atagomba, na kwa kweli nilitaka agombe, nilikuwa nimebakiza mengi. Hakugomba. Alipita karibu nami akamgusa Murugi begani.

Murugi akageuka, akafuta mikono kwenye aproni. Alimwona baba yake, akaona ana jambo, akasogea pembeni apate mwanga wa kutosha kumwona vizuri. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa, kwamba mtu akitaka kusema nawe umtazame.

Theuri akainua mikono yake, ile mikono inayofungua injini nzima ya pikipiki na kuirudisha macho yakiwa kwingine. Akaifikisha kifuani. Vidole vikajikunja, vikajikunjua, vikasimama hewani. Akanitazama mimi. Mimi nikatazama viazi.

Murugi hakunitazama. Aliendelea kuitazama ile mikono ya baba yake, akingoja.