Mwombaji Asiye na Kibanja

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chama chetu cha kahawa, Muleba, Jumatatu ya kwanza ya Oktoba, mwezi wa Rozari. Anatakiwa katibu msaidizi. Awe mwanachama, awe na cheti cha kidato cha nne. Nafasi ni sawa kwa wote, na wanawake wanahimizwa kuomba. Mwisho Ijumaa saa kumi jioni.

Nililisoma mara mbili, nikajifanyia ishara ya msalaba. Cheti nilikuwa nacho. Nilikipata nikiwa na miaka arobaini na sita, baada ya miaka minne ya masomo ya jioni katika ukumbi wa parokia, nikikaa dawati moja na watoto wanaolingana na binti yangu Joanitha. Daraja la nne, sifichi. Lakini somo la Uraia nilipata C.

Ndani nilimkuta Mustapha, karani wa ofisi, ambaye nywele zake zimeanza kuingia mvi kama zangu.

"Mama Joanitha, fomu nakupa," alisema. "Ila hapa chini wanataka namba ya uanachama."

"Kahawa si naleta kila msimu?"

"Unaleta. Lakini mwanachama ni mwenye kibanja, na kibanja kimeandikwa jina la ndugu yako. Akuandikie barua kwamba amekupa sehemu, hata kidogo. Nitakuandikisha siku hiyo hiyo."

Kibanja hicho ni shamba la baba yetu, migomba na mibuni. Baba alipofariki kilikwenda kwa mdogo wangu Kahigi, kwa sababu ndiye mwanamume. Kahigi ana duka Bukoba mjini. Mimi nilirudi nyumbani mwaka 2007, ndoa iliponishinda, na tangu hapo mibuni ile naipogoa mimi, nyasi naitandazia mimi, kahawa naianika mimi.

Jumatano nilipanda basi la asubuhi kwenda Bukoba. Njia nzima nilisali rozari, matendo ya uchungu, ingawa siku yake ilikuwa ya matendo ya utukufu. Sikuwa na nguvu ya utukufu.

Nyumbani kwa Kahigi, Miembeni, walinipokea vizuri. Wifi yangu Dativa aliniandalia ebitoke, ndizi zetu za kupika, na dagaa. Tulipomaliza kula, nikaweka fomu mezani na kueleza haja yangu. Niliomba mistari miwili tu ya mibuni, ile ya karibu na choo.

Kahigi alicheka. "Ya karibu na choo! Dada, hata kuomba hujui. Omba ya mbele basi."

"Nipe ya mbele."

Akaacha kucheka. Akaisoma fomu taratibu, akairudisha mezani.

"Mimi binafsi sina shida, waitu, dada yangu. Unajua ninavyokuheshimu, wewe umenibeba mgongoni. Lakini wazee wa ukoo watasema nini? Leo nakuandikia wewe, kesho Mungu akikuita, shamba ni la Joanitha. Joanitha kaolewa ukoo mwingine. Kibanja cha baba kitakuwa kimevuka."

"Mistari miwili, Kahigi."

"Mpe hata mibuni mitatu," alisema Dativa huku akikusanya sahani. "Apate pa kutundikia hicho cheti chake."

"Wewe nyamaza, hujazaliwa kwetu."

"Ndiyo maana naona vizuri."

Kahigi alinisogelea, akashusha sauti kama mtu aliyepata dawa.

"Sikiliza, dada. Mwanachama ni mimi, na cheti cha kidato cha nne ninacho. Naomba mimi. Nikiipata, kazi utafanya wewe. Utakaa kwenye meza ile ile, utaandika vitabu vile vile, na mshahara nitakuletea wote. Mungu shahidi."

Nisidanganye, nilivutwa. Nilikuwa nimechoka, mgongo ulikuwa unauma, na mdogo wangu si mtu mbaya. Mshahara angeuleta kweli. Niliona meza, niliona kalamu, niliona nimekaa kivulini msimu mzima. Kisha nikakumbuka swali la Uraia, "Eleza maana ya usawa wa fursa." Nilijaza kurasa mbili. Mwalimu Onesphory alinisifu mbele ya darasa, na watoto wakanipigia makofi.

"Wataniitaje pale ofisini?" nikamuuliza.

"Si watakuita jina lako tu."

"Na kwenye vitabu?"

Kahigi alitazama mlango. Nilikunja fomu, nikashukuru kwa chakula, nikaomba tusali kabla ya kuondoka. Tulisali Baba Yetu, yeye kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Ijumaa saa tisa na nusu nilimpa Mustapha fomu yangu pamoja na nakala ya cheti. Aliigeuza kutafuta barua.

"Barua iko wapi?"

"Hakuna."

"Basi naikataa, mama yangu. Usinilaumu."

"Sikulaumu. Ikatae kwa maandishi. Andika na sababu."

"Ya nini tena? Rudi nyumbani upumzike."

"Tangazo limesema nafasi ni sawa kwa wote. Nataka niionyeshe bodi ya chama namna nilivyoikosa."

"Utaniletea maneno."

"Andika tu ukweli, Mustapha. Ukweli wako mwenyewe, siyo wangu."

Alikaa na kalamu muda mrefu. Nje watu wawili walikuwa wanabishana kuhusu turubai la kuanikia. Nilikuwa nimesali rozari wiki nzima nipate kazi ile, na sasa nilikuwa nimesimama nikiomba kunyimwa vizuri. Hatimaye akaandika, akanigeuzia karatasi nisome.

"Imekataliwa. Mwombaji ana elimu inayotakiwa. Amelihudumia shamba na kuleta kahawa hapa tangu mwaka 2007. Shamba si lake."

Nilisoma polepole, kidole chini ya maneno, kama nilivyozoea darasani. Miaka yote ile hapakuwa na karatasi yoyote iliyosema kwamba shamba lile nalilima mimi. Ya kwanza ndiyo hii ya kunikatalia. Nikakaa kwenye benchi.

"Unalia?" Mustapha aliuliza.

"Nimechoka. Gonga muhuri."