Mivuto Mitatu

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, kazi yangu ilikuwa kushika kamba. Kaka yangu Crisanto, aliyenizidi miaka miwili, ndiye aliyezama.

Shimo lilikuwa katikati ya shamba ambalo zamani babu yetu alilima mpunga. Upana wake haukupita wa mlango, na maji ya tope yalijaa hadi mdomoni. Crisanto aliuma mpira wa hewa kwa meno, akashuka kwa kushika magogo ya minazi yaliyozuia kuta, mita kumi na kitu, na huko chini akachimba kwa kupapasa, kwani hata ukifumbua macho huoni kidole chako. Juu, kompresa kama ya fundi matairi ilinguruma ikimpelekea pumzi. Kiroba kilishuka na kupanda kwa kamba niliyoishika. Akivuta mara moja, nipandishe kiroba. Mara mbili, hewa ina shida. Mara tatu, nimtoe yeye.

Mama alikaa kando ya mfereji na karai lake la mbao, akisafisha tope na kuokota chembe za dhahabu kwa zebaki, mikono mitupu. Shimo lilikuwa la Mang Tiburcio; Mang kwetu ni kama kusema Mzee. Mashimo karibu yote ya kijiji yalikuwa yake.

Siku moja Crisanto alitoka, akapenga tope puani, akakaa kula wali na samaki mkavu. Alikula kidogo tu.

"Senya, kuna mtu chini."

"Yupo bibi harusi wako. Umwoe, tupate pilau."

"Sitanii. Nimeshika mkono."

"Mzizi huo, Manoy." Manoy ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Mzizi una kucha?"

Akasema alipoleta tope kwenye kiroba alikuta mwingine anatia. Mikono midogo kuliko yake. Haikumgusa kwa ubaya. Ilichota tu, ikatia, ikachota.

"Ananisaidia," alisema, kama mtu anayejisikiliza mwenyewe.

Mama akageuka. "Funga mdomo. Mang Tiburcio akisikia atasema umelewa hewa, atamchukua mtoto wa mwingine."

Kesho yake, jua la utosi, Crisanto alikuwa kando yangu anakula. Kompresa imezimwa. Maji ya shimo yametulia kama mafuta. Kamba niliyoiviringisha mkononi ikavutwa. Mara moja.

Tulitazamana. Nikavuta kwa sababu nilizoea kuvuta. Kiroba kilipanda kimejaa, mdomo wake umefungwa. Crisanto alikuwa hafungi viroba, alivikunja tu. Hiki kilifungwa kwa fundo lenye vitanzi viwili vikubwa, visivyolingana, kama mtoto aliyejifunza juzi kufunga kamba za viatu.

Mang Tiburcio alikuja, tope likasafishwa, karai likametameta kuliko tulivyowahi kuona. Nikamweleza yote. Nilitegemea kofi. Hakucheka wala hakukasirika. Alilitazama lile shimo kwa muda, akatema mate pembeni.

"Shusheni kingine," akasema.

Mchana ule vilipanda viroba vinane na hapakuwa na mtu ndani ya shimo. Jioni Mang Tiburcio alichinja jogoo, damu akaimwaga mdomoni mwa shimo, nyama akatugawia. Kamba akampa mwanamume mzima. Sisi akatufukuza kwa upole, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nendeni mkacheze! Si watoto nyie?"

Tukacheza. Siku tatu. Crisanto alitengeneza kishada kwa nailoni ya mfuko wa mchele, tukakimbia nacho kwenye matuta hadi tukaanguka kwa kucheka. Tulikula nyama. Mama alisafisha tope bila kuinua uso. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyeuliza ni nani anayejaza viroba vile. Nami sikuuliza. Nilikuwa na furaha, nakiri.

Siku ya nne yule mwanamume aliacha kazi. Alisema kamba inampa baridi hadi kwenye meno. Nikaitwa mimi.

Nilipokea viroba viwili. Nikashusha cha tatu, nikasubiri. Kamba ikavutwa mara moja, ikapumzika. Ikavutwa tena. Ikavutwa tena.

"Mang Tiburcio! Amevuta mara tatu! Anataka kutoka!"

Alikuwa amekaa kivulini anapunga kofia. "Umehesabu vibaya."

"Sikukosea. Ona, anarudia!"

Mikono yangu iliruka mbele ya macho yake: moja, mbili, tatu. Aliona. Nilimwona akiona.

"Mara moja ndiyo kazi," alisema. "Mara tatu hatukuisikia. Umenielewa, mtoto?"

Niliitupa kamba nikakimbilia mfereji. Mama aliponisikiliza, karai lilimponyoka. Akaniambia kwa sauti ya chini jambo alilolificha tangu masika. Hatua kumi kutoka shimo letu palikuwa na shimo lingine. Jioni moja aliisikia kompresa ya pale ikikohoa na kuzima, kisha akaona watu wakitupa udongo haraka haraka, wakisawazisha. Kesho yake Mang Tiburcio akamwambia Aling Pacita, yaani Bibi Pacita, mjane wa nyumba ya mwisho, kwamba mwanawe Lado ametorokea Manila na vijana wa malori. Lado alikuwa na miaka minane.

"Na wewe ulijua, Mama?"

"Nilikuwa na nyinyi wawili wa kulisha," alisema.

Nilikwenda mwenyewe kwa Aling Pacita. Nilimkuta anafua. Sikujua nianzie wapi, nikamwuliza Lado alifungaje kamba za viatu.

Alicheka kidogo. "Mwanangu yule? Nilimnunulia viatu vya shule, akavivaa wiki moja tu. Nilimfundisha masikio ya sungura. Sikio moja likawa kubwa, moja dogo, kila siku. Kwani umeonana naye? Amerudi?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya gauni langu fundo nililoliona. Alifuta povu mikononi taratibu sana, akatoka bila kufunga mlango.

Pale shimoni alimpita Mang Tiburcio kama anayepita gogo. Akaokota kamba. Hata mashine za mashimo ya jirani zilikuwa kama ziko mbali. Kamba ikavutwa mikononi mwake mara tatu.

"Nipo, mwanangu," akasema. "Mama nipo. Shika."

Akavuta. Haikuja. Mama yangu akamshika kiunoni wakavuta pamoja, nami nyuma yao, na Crisanto, na wanawake wa mferejini mmoja mmoja.

"Mtabomoa ukuta! Mtanizikia shimo langu!" Mang Tiburcio alipiga kelele. Hakuthubutu kutusogelea.

Kitu kikaachia kule chini. Kamba ikaanza kupanda, na pamoja nayo, umejizungusha juu yake, mpira wa hewa wa manjano. Wetu ulikuwa mweusi. Ulipanda mrefu, mrefu, umejaa tope. Kilichokuwa mwishoni mwake Aling Pacita alikipokea kwa sketi yake, akakifunika kabla hatujaona vizuri. Kilikuwa chepesi. Alikibeba peke yake hadi nyumbani, na mtu yeyote aliyetaka kumsaidia alimkatalia kwa kichwa.

Tulimwombea Lado siku tisa. Polisi walikuja wakaandika kuwa ni ajali. Mang Tiburcio akahamishia mashine zake wilaya nyingine. Shimo letu lilianguka lenyewe wiki ileile, na kamba haikuvutwa tena.

Ningependa kusema taabu iliishia hapo. Baada ya miezi miwili mchele uliisha, na Crisanto akaenda kuzama kwa mtu mwingine. Mama alimfungia wali kwenye jani la mgomba huku analia. Mimi niligoma kushika kamba. Nilifua nguo za watu na kwenda shule mchana, na Crisanto ndiye aliyeninunulia madaftari.

Sasa ana miaka thelathini na minne na kifua cha mzee. Anauza samaki bandarini. Mwaka jana nilikuwa kibandani kwake alipokuja mtu mwenye mashimo, nadhifu, mwenye adabu. Alimsifu mtoto wa Crisanto: mdogo, mwepesi, angepita vizuri mahali pembamba.

"Wako wana miaka mingapi?" Crisanto alimwuliza.

"Mmoja tisa, mmoja saba."

"Wako wapi saa hizi?"

"Shuleni, bila shaka."

"Na wangu yuko shuleni," kaka yangu alisema, akavuta samaki mwingine, akaendelea kupara magamba hadi yule mtu akaondoka.