Uso wa Kanuni ya Bi Mayasa

Madirisha yote ya klabu ya taarabu pale Malindi yalifungwa mchana kweupe, na kanuni ya Bi Mayasa ikalazwa mezani kama mgonjwa. Ala hiyo ya nyuzi aliachiwa na mwalimu wake, marehemu Bi Sichana. Tangu Idi, upande wake mmoja ulikuwa ukikwaruza. Alasiri ile fundi angekuja kuubandua uso wake, yaani ule ubao mwembamba unaobeba sauti, aweke mpya.

"Uso mpya utaimba," alisema Bi Mayasa. "Lakini sauti ya mwalimu wangu ntaipata wapi tena?"

Usi, mtoto wa kaka yake aliyesomea mitetemo, aliwasha leza na kuutandaza mwanga wake juu ya ubao mzima.

"Siugusi, shangazi. Kamera italinganisha ubao uliotulia na ubao unaotetema, kila mahali kwa mara moja."

Akapiga mlio kwa spika ndogo. Kwenye skrini ikachomoza mikanda myeusi na myeupe, ikajizungusha, ikagawanyika, ikakutana tena. Bi Mayasa alisahau hata kupepesa macho. Umri wake wote aliisikia kanuni, leo aliiona. Kibao chembamba vile, kumbe kina shughuli yote hii! Machozi yalimlenga, wala hakuyaficha.

"Subhanallah! Ndivyo inavyoimba?"

"Ndivyo. Ila tazama hapa, karibu na tundu la kutolea sauti." Mikanda ilikuwa imevurugika. "Ubao wenyewe ni mzima kabisa. Pao linaloushikilia kwa ndani ndilo lililoachia. Gundi imepata joto. Nani anaweka moto karibu?"

Bi Mayasa alikitupia jicho chetezo chake pembeni. Kila Alhamisi kabla ya mazoezi aliiinamisha kanuni juu ya chetezo, tundu likielekea makaa, moshi wa udi uingie ndani, kama alivyokuwa akimfukiza Bi Sichana mwenyewe enzi za uhai wake.

"Mimi," akasema. "Kwa mapenzi tu, mwanangu."

"Basi ni gundi tu, shangazi. Uso usibanduliwe."

Fundi alipofika, alifungua kipande cha mgongo wa kanuni, akapitisha mkono, akaligandisha pao.

Alhamisi iliyofuata Bi Mayasa aliwasha chetezo kama kawaida. Kanuni aliiacha mbali, dirishani. Akasimama yeye juu ya moshi mpaka kanga zikajaa udi, kisha akaketi, akaipakata, akaupiga uzi wa upande ule, ukalia bila kukwaruza.

"Naam, mwalimu," akaitika.