Mlango wa Ghorofa ya Nne

Mteja wangu alikuwa anaishi ghorofa ya nne, na nyayo zake zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Nayasema haya mapema ili mjue nazungumzia mkulima wa namna gani. Huko kwenye simu watu maelfu walimjua kama mwanamke aliyeuacha mji akarudi kwenye maisha ya asili. Mji wenyewe hajauacha hata siku moja. Alichofanya ni kuufungia pazia, kisha akakigeuza chumba kimoja cha nyumba yake kuwa jiko la shamba: vikapu ukutani, mashada ya majani makavu, kandili yenye balbu ndani, na jembe. Jembe lilikuwa bado na karatasi ya dukani kwenye mpini, basi aliligeuzia ukutani isionekane. Mimi nilimpa jina la Mkulima. Moyoni tu, maana mteja ni mteja.

Mimi ni seremala. Miaka ishirini na sita nimejifunza kunyoosha mbao, halafu anakuja mtu wa kuniambia kunyooka ni kosa. Meza ya kwanza niliyompelekea aliipapasa, akakunja pua.

"Fundi, hii imenyooka mno. Haina roho."

Nikairudisha karakana. Nikaipiga kwa mnyororo, nikaitoboa kwa misumari ionekane imeliwa na wadudu, nikaimwagia chai ya rangi ikalala nayo hadi asubuhi. Alipoiona mara ya pili alishika kifua, macho yakamlengalenga. Nilitamani kucheka, nawaambia kweli. Lakini sikukataa kazi yake iliyofuata, wala ile nyingine.

Kazi ya mwisho ilikuwa mlango. Aliniita Jumanne asubuhi, akasema nije na msumeno. Nikaukuta umeegemezwa kwenye friji, mlango wa zamani wa mbao nzito, umepakwa rangi nyeupe mbele na nyuma, kisha rangi hiyohiyo ikasuguliwa kwa msasa ili ionekane imechoka.

"Umetoka kijijini kabisa," akasema, sauti chini kama yuko msibani. "Nyumba iliyoachwa. Hakuna anayeuhitaji tena. Hebu sikiliza ukimya wake, fundi."

Nikasikiliza. Nilichosikia ni friji.

Alitaka niufunge ukutani, chini ya rafu ya vikapu. Usifunguke, maana nyuma yake ni bafu la jirani. Uwepo tu, ili yeye asimame hapo na kikapu cha mayai kama ndiyo kwanza anaingia kutoka bandani. Mayai yenyewe yalikuwa na mihuri ya kiwandani, na yeye alikuwa sinkini anaifuta kwa siki, yai moja baada ya jingine, kwa bidii ambayo angeitia kwenye shamba la kweli angelisha mtaa mzima.

Nikapima. Mlango ulizidi rafu kwa inchi tano.

"Nikate juu au chini?"

"Popote tu. Wewe ndiye mwenye mikono."

Nikakata chini. Msumeno uliingia taratibu, mbao ilikuwa kavu na ngumu, harufu yake bado nzuri. Nikajisemea kwamba aliyeichagua mbao hii alikuwa na akili zake. Kile kipande nilichokikata aliniambia nisikitupe, nikikate tena mara tatu, avifanye vinara vya mishumaa. Nikakata. Akavipanga dirishani, akavipiga picha, akarudi kwenye mayai.

Kisha akataka tundu la ufunguo lifunguliwe, maana alikuwa na ufunguo mkubwa wa chuma wa kuning'iniza hapo. Lilikuwa limezibwa kwa gundi na vumbi la mbao. Nikalichokonoa kwa ncha ya patasi, vumbi likamwagika, na nikabaki nimepiga magoti nalitazama.

Tundu la ufunguo, popote uendapo, mviringo uko juu na mkia uko chini. Hili lilikuwa limepinduliwa. Kuna mtu mmoja tu ninayemjua aliyewahi kutia kitasa kichwa chini miguu juu, naye ni mimi, nikiwa na miaka kumi na minne, siku baba aliponiachia kazi kwa mara ya kwanza. Baba alicheka mpaka akakaa chini, akakataa kukirekebisha. Alisema wezi watapata tabu. Sisi wa nyumbani tuliingiza ufunguo meno yakiangalia juu na kuuzungushia upande usio wake, na wageni walibaki nje wakituita.

"Nani kakuletea huu mlango?" nikamuuliza.

"Kijana mmoja mchangamfu sana, ndiye ananitafutia vitu vya asili." Akafuta kidole, akanionyesha picha kwenye simu. Ilikuwa ya mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja, ameukumbatia mlango, meno yote nje.

Nikatoka hadi kwenye ngazi nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umemaliza?"

"Nimemaliza nini, mama?"

"Mlango. Mdogo wako alisema umeagiza aulete huko kwako uutengeneze. Sikutaka kukupigia, ungeona nakuharakisha, na najua una wateja." Akakohoa kidogo. "Niko salama. Jioni nasukuma kabati pale penye uwazi, nakaa kwenye kiti. Bega tu ndiyo linasumbua. Na kuku wamechukuliwa, lakini kuku si kitu."

"Tangu lini, mama?"

"Mwezi umeisha juzi. Fanya taratibu, baba, kazi nzuri haitaki papara."

Mwezi mzima mama yangu analala amekaa, mimi niko mjini nazeesha meza kwa chai. Sikuwa nimempigia hata mara moja. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na aibu ile nikaingia nayo ndani, nikachukua bisibisi, nikaanza kufungasha zana.

"Mlango huu ni wa mama yangu," nikamwambia Mkulima. "Nyumba haijaachwa. Yumo ndani."

Nilitegemea abishe. Akaniwekea mkono begani, uso umemng'aa.

"Subiri. Rudia hivyohivyo, nimewasha kamera. Na mama mwenyewe anaweza kuja? Asimame hapa kando, na nguo zake zilezile za kazi, asibadilishe kitu."

Nimewahi kudharau watu maishani, lakini huyu alinimalizia akiba yote. Nikautia mlango begani.

"Lakini mimi nimeununua," akasema, na sasa sauti ya msibani ilikuwa imekwisha.

"Kamdai aliyekuuzia. Mchangamfu yule."

Mdogo wangu hakupokea simu siku ile, na mpaka leo akiona namba yangu anapata shughuli. Nilishusha mlango ghorofa nne peke yangu, nikapata lori la saruji linaloelekea kwetu, na alasiri ya siku ya pili nikafika.

Mama alikuwa uani. Aliupitishia mlango kiganja kutoka juu, polepole, juu ya ile rangi nyeupe. Akafika chini, pale nilipokata, mbao bado mbichi ya msumeno. Vidole vikasimama.

"Umekata."

Nikaanza kutafuta bawaba kwenye mfuko wa zana.

"Kulikuwa kumeanza kuoza," akasema, akiniangalia. "Basi ulifanya vizuri kukata."

Hapakuwa na uozo hata wa kutia sindano.

"Ndiyo, mama," nikasema.

Nikazirudisha bawaba, nikautundika. Chini uliacha uwazi wa kupitisha kuku, kama wangekuwepo. Nikamwambia kesho nitatafuta ubao wa kuongezea, akasema nisijisumbue, atakunja gunia aliweke pale. Kisha akamwita jirani yake, mama wa makamo, aje aone. Wakasimama wote wawili mbele ya mlango.

"Mwezi mzima alikuwa anaushughulikia," mama akamwambia, "na wateja wote wale alionao."

Jirani akanipa mkono kunipongeza. Nikaupokea.