Bega la Kunguru

Mtaani walimwita Kunguru, na yeye hakuwahi kununa. Mtu anayetoka nyumbani jua limeshapanda, amevaa nguo nyeusi juu ya nguo nyeusi juu ya nyeusi nyingine, asitegemee kuitwa Njiwa. Watoto walimfuata kwa mbali wakilia kwaa, kwaa. Wanawake waliokuwa wakichota maji bombani waliulizana nani amefiwa tena. Hata mama yake, aliyemzaa na kumlea, kila asubuhi alimtazama toka kichwani mpaka miguuni na kumwuliza matanga yataanuliwa lini.

Lakini mama alielewa kuliko alivyojifanya. Yeye na binti yake walishona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yao, cherehani mbili zikitazamana kama wake wenza walionuniana, na kazi yenyewe ilikuwa shati jeupe, kola ile ile, mfuko ule ule, mwaka unaanza na mwaka unakwisha. Mtu akishinda anashona vitu vinavyofanana, ama na yeye atafanana navyo, ama atapata wazimu wake mwenyewe. Kunguru alichagua wazimu.

Kazi ya sare ikiisha, alitoa gunia lake chini ya meza. Humo mlikuwa na kila kilichowahi kuwa cheusi na kutupwa: kitambaa cha mwavuli uliovunjika mbavu, suruali ya dereva iliyong'aa makalioni, joho la mahafali lililoliwa na mende, pazia la ukumbi wa sinema uliofungwa. Ukimwambia kwamba nyeusi ni nyeusi tu, alikuhurumia. Nyeusi ya mwavuli ina ubaridi, nyeusi ya suti iliyofuliwa sana inaelekea kijivu, nyeusi ya pazia inameza mwanga wote na hairudishi kitu. Alizipanga moja juu ya nyingine, ndefu chini ya fupi, nzito juu ya nyepesi, mpaka mtu akitembea zile za ndani zinachungulia na kujificha. Hakukata kwa kiolezo cha karatasi. Alikata juu ya mwili, mwili wake, mbele ya kioo.

Na hapo ndipo alipomhitaji Kitinda. Unaweza kujipima kifua, kiuno, hata paja, lakini hajazaliwa bado mtu wa kujibandikia pini mgongoni. Macho ya mama yalishachoka, hayakuona tena pini juu ya kitambaa cheusi. Kwa hiyo Kitinda, mdogo wake na kitindamimba wa nyumba ile, alisimama nyuma yake tangu akiwa msichana wa kusimamia kigoda. Kunguru alinyoosha mkono nyuma na pini, bila kugeuka, na Kitinda akaipokea. Hawakuhitaji kusema. Mkono ulirudi mtupu ukachukua pini nyingine.

Koti lake kuu lilitoka kwenye mikono hiyo minne. Lilikuwa na matabaka manne, na bega la kulia limeshuka. Upande wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia, na pale kwenye bega vitambaa vilikunjwa vikarundikana kama majani yaliyoanguka mahali pamoja. Halikufunguka mbele kama makoti ya watu. Lilifunguka nyuma ya shingo, kushoto, kwa vibanio viwili. Wapita njia waliona vituko, na wachache waliona ubunifu. Kumbe lilikuwa hesabu tu. Bega la Kunguru lenyewe lilikuwa limeshuka, na mkono wake wa kulia haukupanda kupita kidevu.

Bega hilo lilivunjika akiwa mtoto wa shule ya msingi, siku alipoteleza kwenye ngazi za sokoni zilizolowa mvua. Mgongoni alikuwa amembeba Kitinda. Angeanguka chali kama wanavyoanguka watu wote, na mtoto angekuwa chini. Alijipinda hewani akaangukia bega. Kitinda hakupata hata mchubuko. Bega liliunga, ila liliunga vibaya, na nyumbani hapo hapakuwa na mtu aliyelizungumzia sana, kwa sababu hakuna aliyejua aanze na shukrani au na pole.

Kitinda alikua, akasoma kukata nguo, akaajiriwa katika nyumba ya mitindo ya bwana mmoja aliyeitwa Bwana Miwani, maana hakuvua miwani yake ya jua hata ndani ya lifti. Kunguru alifurahi kuliko mama. Alijisifu kwa wauza vifungo kwamba mdogo wake anafanya kazi penye viyoyozi. Na Kitinda aliporudi siku moja akasema koti hilo limeanza kunuka jasho, kwamba huko mjini yupo dobi anayejua kufua sufu na pazia bila kuharibu, Kunguru alilivua mwenyewe, akalikunja mwenyewe, akamkabidhi. Lilikaa huko siku nyingi kuliko alivyozoea, kisha likarudi linanukia, vibanio vimekazwa upya. Alishukuru. Baadaye hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote, kwamba alishukuru.

Miezi ilipita. Kitinda alipandishwa cheo akawa mkuu wa wakataji, akahamia chumba chake karibu na kazini, na ziara zake nyumbani zikawa za haraka haraka. Kunguru hakuona ubaya. Mtu na kazi yake.

Siku moja Kunguru alikwenda mjini kutafuta uzi. Akakata kona, akajiona.

Alijiona ndani ya kioo cha duka, na kwanza alidhani ni kivuli chake. Aliinua mkono wa kushoto na kile cha ndani hakikuinua. Ilikuwa sanamu ya kuvalia nguo, nyeupe, haina uso, imevaa koti jeusi la matabaka manne.

Akajituliza. Mawazo ni kama upepo, alijiambia, hayana mwenyewe. Labda kuna mtu mwingine aliyepata wazimu kama wangu, na laiti ningemjua tungezungumza. Kwa dakika nzima alikaribia kufurahi. Kisha akaliona bega. Sanamu ilikuwa na mabega sawasawa, ubao mtupu, lakini koti lilikuwa limekatwa kushuka kulia, na vile vitambaa vilivyorundikwa kujaza shimo lisilokuwepo vilikuwa vimetuna kama nundu ya ng'ombe. Akazunguka pembeni, akabana paji la uso kwenye kioo. Nyuma ya shingo, kushoto, kulikuwa na vibanio viwili.

Miguu ikamwingiza dukani yenyewe. Muuzaji, mwanamke mwenye kucha ndefu na sauti ya asali, alimweleza kwamba hilo ndilo koti linaloongoza msimu huu, kwamba bega lile linawakilisha mzigo wa dunia, kwamba Bwana Miwani alilipata katika ndoto. Alizungumza vizuri, mambo yakatiririka. Halafu akamwangalia Kunguru aliyekuwa amevaa lake, akashika ukosi wake kwa vidole viwili, akalipindua kutazama bitana, na asali ikakauka.

"Dada yangu, nisikufiche," akasema kwa huruma. "Hili ulilouziwa ni feki. Zimejaa mtaani. Tazama, hata vitambaa havifanani."

Kunguru alitoka nje bila uzi, akasimama juani, na watu wakampita. Moyo wake ulikuwa umefanya hesabu kabla yake na ulikuwa unamngoja afike. Bega lile aliliona daktari aliyeliunga. Mama aliliosha. Na mtu mmoja tu aliwahi kulipima kwa utepe, akalibandika pini inchi kwa inchi, akajua shimo lina kina gani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wala hawakuwa na habari za koti hili.

Hakumpigia simu Kitinda. Hakulia. Alirudi kushona mashati, na mama alipomwuliza uzi uko wapi alisema duka limefungwa. Alitaka mdogo wake aje mwenyewe, kwa miguu yake, aseme kwa kinywa chake. Alikuwa anampa nafasi, na kila siku iliyopita bila nafasi hiyo kutumika ilimzeesha.

Kitinda alikuja siku ya mapumziko, amebeba matunda na biskuti za mama, amevaa viatu vya kugonga. Alikaa, akainuka, akasifia mashati. Kitinda tangu utotoni hakujua kuficha wasiwasi. Akiwa na jambo huzungumzia hali ya hewa. Mwishoni akalitoa, lakini si lile ambalo Kunguru alikuwa akilingoja. Alisema kazini kuna tatizo dogo. Kuna koti moja, kazi yake kubwa ya kwanza, linauzwa sana ila wateja wanalirudisha. Linavimba kulia, linakaba shingo, halikai. Bwana Miwani amekasirika, anataka lirekebishwe kabla ya maonyesho, na yeye amejaribu kila kitu.

"Nikasema hakuna anayejua kukunja bega kama wewe, Dada. Uje unionyeshe tu. Siku moja."

Cherehani ya mama ilinyamaza.

Kunguru alikuwa amejiandaa kwa uongo, alikuwa amejiandaa hata kwa kuombwa msamaha, lakini hili hakuwa amelifikiria: kwamba aliyeiba nyumba angerudi kuomba aonyeshwe ufunguo unavyozungushwa. Akamwuliza kwa upole alilipeleka lini kwa Bwana Miwani. Kitinda akainamisha kichwa. Akasema hapakuwa na dobi. Walilifumua usiku kucha kazini, wakachora kila kipande, wakalishona tena. Akasema alitaka kutaja jina la dada yake, ila wakamwambia nguo haiwezi kuwa na majina mawili, na mlango ulikuwa wazi, na milango kama ile haifunguki mara mbili kwa watu kama wao. Kisha akajitutumua kidogo.

"Na wewe ungelivaa peke yako mpaka lini? Mtaa mzima unakucheka. Mimi nimewafanya walitamani."

"Sikulishona litamaniwe," Kunguru alisema. "Nililishona linifae."

Akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya shingo, akafungua vibanio, akalivua. Chini alikuwa na gauni jepesi la pamba, na bega likawa wazi mchana kweupe, jinsi lilivyoshuka, jinsi mfupa ulivyochomoza mahali usipotakiwa. Kitinda alitazama pembeni. Kunguru akamwinua kwa kumshika kiwiko, akamvalisha koti, akafunga vibanio, akamgeuza kwenye kioo.

Lilimkaa vibaya sana. Kushoto lilimlegea, kulia lilimpanda mpaka sikioni.

"Unaona hapo palipotuna?"

"Naona."

"Kwangu hapo pana shimo. Kamwambie bosi wako kinachokosekana ni ngazi. Kila mteja aanguke kwanza, mtoto akiwa mgongoni, ndipo litamkaa."

Kitinda alianza kulia, kwanza kimya kimya, halafu kama alivyolia siku ile ngazini, mzima bila mchubuko. Alijaribu kufungua vibanio, vidole vikakataa, na hapakuwa na mtu aliyemsaidia. Mama aliinuka nusu kwenye kigoda chake.

"Ni mdogo wako huyu," akasema.

"Najua, Mama. Angekuwa mwizi wa njiani, ningeshasahau."

Kitinda alipofanikiwa kulivua, alilikunja vizuri, kama alivyofundishwa na aliyekuwa amesimama mbele yake, akaliweka juu ya mashati meupe. Akaondoka na viatu vyake vya kugonga. Matunda yalibaki mezani mpaka yakaoza, maana mama aliona aibu kuyala na Kunguru hakuyaona.

Nyumba ya mitindo ilijinasua bila msaada wa mtu. Walinyoosha bega. Koti likatoka upya, mabega sawasawa, matabaka manne, vibanio nyuma kwa ajili ya urembo tu, na safari hii halikurudishwa na yeyote. Likajaa mjini. Likafika mtaani. Kunguru alikuwa mlangoni, amevaa shati jeupe la sare alilolikosea kipimo, siku alipopita mwanamke asiyemjua, amelivaa koti hilo, anatembea kwa maringo. Watoto wakamfuata kwa mbali. Kwaa, kwaa, wakamlilia. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama mwenye jina.

Aliingia ndani akavuta gunia chini ya meza.

Kulikuwa na turubai la gari lililopauka, gauni la jioni lililoungua pindo, na pazia lililobaki. Akachagua nyeusi tatu zisizowahi kukutana. Hakujua bado zitakuwa nini, alijua tu kwamba zitaanzia begani na safari hii hazitalificha. Mama alikuwa jikoni, anasuuza vyombo. Kunguru alisimama mbele ya kioo, akajitupia vitambaa, akaanza kubandika. Akabandika mbele, akabandika ubavuni, pini zikiwa zimebanwa midomoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya duka mikono yake ikawa inajua inachokitaka.

Alipofika mgongoni, akachukua pini moja, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na akangoja ipokewe.