Kengele ya Boya la Tatu

Kengele ilipolia, mtaalamu wa maji wa bandari alikuwa dirishani ofisini mwake, akitafuna kalamu. Hakuamini masikio yake. Wiki iliyotangulia kengele hiyohiyo ilimwumbua: aliwatoa watu mbio, kumbe ni mwani tu uliokwama kwenye kihisi cha boya, kile kinachonusa mafuta majini. Tangu hapo kaka yake, dereva wa kreni, hakumpa hata nafasi ya kupumua. "Mdogo wangu, boya lako limelewa?" alikuwa akimwuliza mbele ya makuli, na gati zima likaangua kicheko.

Lakini safari hii skrini ilionesha mafuta yakiongezeka majini kwenye boya la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, yakifuata mkondo wa maji. Mwani haufanyi hivyo. Na huko mkondo ulikotokea palikuwa na meli moja tu, mabaharia wake wakijiandaa kufungua kamba.

Alimpigia kaka yake aliyekuwa juu kwenye kreni. "Kaka, itazame ile meli. Unaona nini?"

"Naona maji tu. Usijitie kitanzi tena."

Alikata simu, akashuka ngazi mbilimbili hadi kwa mkuu wa bandari.

"Mzee, izuie meli ile. Inamwaga mafuta machafu upande tusiouona."

Mkuu alivua miwani. "Una hakika? Nikiizuia bure, wenyewe watatutoa roho."

"Nina hakika. Nipe nafasi nikuoneshe."

Akateremsha majini kijiboti chake kisicho na rubani, akakiongoza kwa rimoti kikazunguka nyuma ya meli. Kamera ya chini ikaonesha chuma, kutu, povu. Akakisogeza karibu zaidi. Mara likatokea bomba, likitapika uchafu mweusi tii.

Mkuu alinyakua redio. "Rudisheni kamba! Meli haiondoki!"

Bomba likakauka ghafla. Nahodha akaja juu, akikana kila kitu, mpaka alipooneshwa video; hapo akanywea. Boti za bandari zikatandaza uzio unaoelea, zikayazingira mafuta kabla hayajafika bahari kuu. Mtaalamu mwenyewe alikuwa kwenye boti ya mbele akivuta uzio, uso umetapakaa mafuta, akicheka kama aliyepagawa.

Huko juu honi ya kreni ikalia, ndefu, bila haya. Kreni ya jirani ikaitikia, na nyingine, hadi bandari nzima ikavuma. Kaka yake alichomoza kichwa dirishani, sauti ikimkauka: "Huyo ni mdogo wangu! Tumbo moja, mnasikia? Tumbo moja!"

Jioni mkuu alitandaza ramani ya bandari mezani. "Haya, mwanangu, maboya mengine tuyaweke wapi?"

"Hapa. Na hapa. Pale pia. Na huku kote."

"Ala! Basi niachie japo pa kuegesha meli!"