Gemu ya Kijapani na Mguu wa Tusekile

Daktari wa hospitali ya Tukuyu alisema mguu wa Tusekile ukatwe leo, chini kidogo ya goti. Kama si leo, basi kesho watakata juu ya goti, na keshokutwa hawatakata kitu. Aliyasema hayo mbele ya mgonjwa mwenyewe, bila kuzunguka. Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba kwa adabu amsubiri kwanza kaka yake Yohane, yuko njiani kutoka Mpuguso. Daktari, kijana mwembamba mwenye macho ya kukosa usingizi, alisema atarudi akimaliza wagonjwa wengine, lakini wasimcheleweshe.

Alipotoka tu, Tusekile akamgeukia mume wake, Ambilikile.

"Sikatwi, Baba Ikupa. Huyo nimempa maneno ya kumwondoa."

Ambilikile alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Harufu ya kidonda ilikuwa imeishinda dawa ya kusafishia sakafu. Kilianza kama mkwaruzo wa jembe kule shambani kwao Kyimo, kitu cha kufuta na kanga na kuendelea kupalilia. Lakini Tusekile ana sukari. Wakaweka majani, kisha unga wa duka la dawa, kisha wakaombewa kanisani, na muda wote huo mguu ulikuwa unaozea ndani.

"Utakufa," alisema.

"Nitakufa na miguu yangu."

Alikuwa ameshamwambia habari za Ikupa, binti yao aliye Mbeya, kwamba bado anamhitaji mama. Alikuwa ameshamtaja Mungu. Alikuwa ameshalia. Vyote havikushika. Kilichobaki ni kile walichokuwa wakibishania kila siku ya maisha yao, nacho kilikuwa gemu.

Hawa wawili walikuwa na kibanda cha gemu pale Makandana. Vijana walikuja kucheza gemu ya mpira, wanapiga kelele, wanalipa, wanaondoka. Lakini ile pleisteshen yao ya kwanza, iliyotumika, Ambilikile alipoinunua kwa mtu wa Mbeya, ilikuja na disiki mbili ambazo hakuna kijana aliyezitaka. Hazikuwa na mpira wala magari. Zilikuwa za hadithi: unakuwa mtu fulani, unatembea katika nchi ya watu, unapigana na madude, unaongezeka nguvu kidogo kidogo. Moja ilitengenezwa na Wajapani, nyingine na Wazungu. Asubuhi, kibanda kikiwa kitupu, mke alishika ya Kijapani na mume ya Kizungu. Tangu hapo nyumba ikawa na vyama viwili.

Katika gemu ya Tusekile humchagui mtu. Unapewa kijana mwenye nywele zilizosimama kama majani ya nanasi, ana jina lake na mama yake. Baadaye anaungana na binti mganga na mzee wa upanga, wanatembea kwa mstari. Vita ni kwa zamu. Wewe ukipiga, adui anasubiri. Adui akipiga, na wewe unasubiri. Tusekile alisema hao ni watu waliolelewa. Wakitaka kuongea wanaongea wenyewe, kazi yako ni kubonyeza ili waendelee, na hadithi inakwenda ilikopangiwa. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, mengi kuliko ya mchungaji. Tusekile alinunua kamusi, akawa anasimamisha mchezo kila sentensi, anamtafsiria mumewe, na pengine analia.

Ya Ambilikile unaanza kwa kujitengenezea sura, pua na kidevu uonavyo wewe. Kisha unaachiwa nchi nzima. Umetumwa kumwokoa mfalme, lakini ukitaka kwenda kuiba kabichi za watu, nenda, mfalme atasubiri. Mtu akikuuliza neno, unaletewa majibu uchague: sema kweli, danganya, tisha, nyamaza. Ambilikile alikuwa anasevu kwanza, anauhifadhi mchezo pale ulipofika, kisha anadanganya aone itakuwaje. Ikiharibika, anarudi pale alipokuwa amesevu, anachagua jingine.

"Gemu yako haina ndugu," Tusekile alikuwa akimwambia. "Mtu mzima anazurura porini peke yake, anaokota masufuria."

"Na yako ni kwaya. Mwalimu ameandika, ninyi mnaimba."

Sasa pale wodini Ambilikile alikamata hapohapo.

"Mama Ikupa, kwenye ile gemu yako mtu haulizwi. Hadithi ikisema daraja limevunjika, mnapita kwingine. Haya, hadithi imesema mguu uende."

"Usinichezee na mimi mgonjwa."

"Sichezi."

"Hadithi ikisema mtu afe, anakufa vilevile. Yule mzee wa upanga nilimpa dawa ikaingia? Si alikufa tu."

"Yule aliandikiwa. Hao wengine waliokuwa wanaanguka ovyo je? Ulikuwa na zile chupa kubwa za dawa, zinazoponya wote kwa mara moja. Umezibeba tangu mlimani. Kila vita unasema hii ndogo, chupa naziweka za mbele. Gemu imekwisha, begi limejaa, hukufungua hata moja."

Tusekile alicheka, kicheko kikamuuma, akafumba macho.

"Wote wanaocheza ya Kijapani wanafanya hivyo," alisema. "Hujui mbele kuna nini."

"Hapa mbele hakuna kitu. Hili ndilo dude la mwisho. Fungua chupa, mke wangu."

Ambilikile akadhani amempata. Kisha Tusekile akafumbua macho.

"Na wewe je? Kwenye gemu yako ulimchoma kisu yule mwenye duka, ukaona hasara, ukarudi nyuma ukamsalimia kana kwamba si wewe. Wakinikata halafu ukaona sivyo, utarudi nyuma wapi? Mguu utaurudisha?"

Ambilikile alimfukuza nzi aliyetua kwenye bendeji.

"Sikia," Tusekile aliendelea, sasa kwa sauti ndogo. "Kyimo mvua haikauki. Kwenye ule mteremko wetu nitashuka vipi na magongo? Ikupa anibebe chooni? Kwenye misiba ya wenzangu nitakuwa nakaa mkekani kama mgeni, naletewa maji ya kunawa, na mimi ndiye ninayewapikia wote. Nimesema hapana. Wakikuuliza, waambie hapana."

"Pumzika," alisema Ambilikile. Hakuahidi.

Alitoka barazani kumpigia shemeji yake. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mabati ya mji. Yohane alikuwa amekwama, gari lao limeharibika, wanasukumana matopeni.

"Msimguse mpaka nifike," Yohane alisema. "Mlimtoa kwetu mzima yule. Unanisikia, shemeji? Mpaka aseme mwenyewe, na mimi nimsikie."

"Daktari anasema hatuna muda."

"Daktari hakumlipia ng'ombe. Wewe ndiye uliyetulipa, na wewe ndiye nitakayekuuliza."

Aliporudi wodini, Tusekile alikuwa anaongea Kinyakyusa na mama yake, aliyekwisha kufa zamani. Alikuwa anamwomba amfungulie mlango. Ambilikile alimshika paji la uso, akauondoa mkono haraka kama mtu aliyeshika sufuria. Alimwita kwa jina. Alimwita Mama Ikupa. Tusekile alimtazama vizuri kabisa na asimjue.

Nesi alikimbia kumwita daktari. Daktari alikuja, akampima, akamvuta Ambilikile pembeni.

"Sumu imeingia kwenye damu, mzee. Kaka yake amefika?"

"Bado."

"Kabla hajapotewa na fahamu mliongea. Alikubali?"

Majibu yalikuwa mawili tu. Ambilikile aliyaona yamekaa mbele yake, moja juu, moja chini, kama kwenye kioo cha televisheni. Miaka yote alikuwa akiisifu gemu ile kwa ajili ya jambo hili hili, kwamba binadamu unaachiwa uchague mwenyewe. Sasa angetoa kibanda, shamba na mavuno yake kwa mtu wa kumwambia bonyeza tu, watu wataongea wenyewe, hakuna anayekuuliza wewe. Alitazama mlangoni labda Yohane angetokea, achukue yeye zamu hii. Mlangoni palikuwa na mama mmoja amebeba beseni.

"Mzee, alikubali?"

"Alikubali," alisema Ambilikile.

Akaweka sahihi pale alipoonyeshwa. Wakamsukuma Tusekile, magurudumu ya kitanda yanalia, bado anamwomba mama yake amfungulie mlango.

Yohane alifika na tope mpaka magotini, wakati mambo yamekwisha. Alikuwa mtu mkubwa, mzee wa kanisa, si mtu wa makelele. Alisimama mbele ya Ambilikile, akamtazama machoni.

"Alisema mwenyewe?"

"Alisema mwenyewe."

Yohane akaketi kwenye benchi, akafuta uso kwa kofia.

Kisha ikabaki kazi ya mguu. Hospitali ingeweza kuuteketeza, lakini Yohane alisema mwili wa dada yake hauchomwi kama takataka. Wakaupeleka Kyimo umefungwa ndani ya kanga. Walichimba wao wawili nyuma ya jiko, katikati ya migomba, mvua inawapiga, wala hawakuwaita majirani. Walipomaliza kufukia, Yohane alivua kofia aombe. Alianza vizuri, alipofika mahali pa kuomba roho ipumzike akakwama, maana mguu hauna roho, na mwenye roho alikuwa anapumua Tukuyu. Akarukia amina, akavaa kofia yake. Ambilikile alikung'uta jembe kwenye mgomba. Aliona amemzika mkewe kipande, na hicho kilichobaki hakitamsamehe.

Tusekile alipata fahamu kesho yake. Homa ilikuwa imeshuka. Daktari alisema ataishi, akasema na mkojo unakwenda vizuri, akaonekana kama kijana aliyefurahi. Tusekile alikuwa amekwisha kupapasa chini ya blanketi.

Yohane alivuta stuli karibu.

"Dada yangu, pole. Tumeupumzisha mguu wako nyumbani, kwenye migomba. Nakuuliza jambo moja niende nikamwambie mama mdogo, maana watu watasema. Ulikubali?"

Ambilikile alikuwa amesimama upande wa pili na kikombe cha uji. Hakuthubutu kumwinamia wala kumkonyeza. Tusekile alimtazama kaka yake, kisha akamtazama mumewe, kwa muda mrefu, kama anasoma neno gumu.

"Nilikubali," alisema.

Yohane alishusha pumzi. Alimshika dada yake mkono, akasema ndaga, yaani asante, Mungu ni mwema, akamshukuru na shemeji yake kwa kusimama kiume. Kisha akaenda kutafuta gari la Mpuguso kabla mvua haijazidi.

Wakabaki wenyewe. Ambilikile alikoroga uji uliokwisha kukorogwa.

"Mama Ikupa," alisema. "Kunywa kidogo."

"Yohane nimemjibu, asije akakuchukia," alisema Tusekile. "Wewe sijakujibu."

"Ungekufa."

"Ulinisikia nikisema nini?"

"Ulisema hapana."

"Kumbe ulisikia."

Akageuza uso kuelekea ukutani. Ambilikile alisubiri aseme jingine, hata tusi, tusi lingemfaa. Blanketi lilikuwa limepanda, akanyoosha mkono amfunike miguu, mkono ukagusa mmoja, na pembeni yake godoro. Aliuacha mkono palepale. Tusekile alijua uko pale, maana alikuwa amebana pumzi, lakini hakugeuka, wala hakumwambia autoe.